Saisi Aliyeonja Chuma

Ukimtaja Saisi kwa mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye lile shamba la Timau, ataanza na mdomo wake. Hata mimi sina pengine pa kuanzia.

Asubuhi za Timau ni baridi ya kuuma masikio. Upepo hushuka mlimani, ukapita mashamba ya ngano na shayiri, ukaingia kwenye mabanda ya farasi bila kubisha. Saisi, mtunza farasi wetu tuliyemwita kwa jina la kazi yake, alitutangulia sote. Alikuwa ndani ya koti lake la jeshi, ambalo hakuna aliyejua alilipata wapi, akitungua lijamu kutoka misumarini, moja moja. Lijamu ni kile chuma kinacholala mdomoni mwa farasi, hatamu zikafungwa pande zake mbili. Sisi kazini tuliita chuma tu. Basi Saisi alikifuta kile chuma kwa kitambaa, akakitia kwapani mpaka kipate joto, kisha akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Alikigeuza kwa ulimi huku amefumba macho. Kisipompendeza alikitema na kukitupa kwenye ndoo.

"Hii hapana. Hii iko na kitu inauma."

Farasi walikuwa kumi na wanne, kwa hiyo alionja vyuma kumi na vinne kila siku ya Mungu. Wapishi wa kantini walimwuliza kama angependa kuongezewa chumvi. Wageni wa kupanda farasi walimpiga picha, naye aliwafukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku. Siku hizi wenzangu wa zamani wakikutana kwenye harusi, kisa hicho lazima kisimuliwe, watu wacheke mpaka machozi. "Yule mzee alipenda farasi, bwana!" Mimi huinuka nikatafute maji ya kunywa. Tabia ile ilikuwa na siku yake ya kwanza, na mimi ndiye niliyeileta.

Nitafika huko. Niacheni kwanza nimseme alivyokuwa, maana mtu si kisa kimoja.

Upande wa kushoto wa taya lake la chini palikuwa na pengo la meno matatu, zawadi ya teke la farasi dume kabla sijafika pale. Alijivunia lile pengo. "Farasi, Mungu alimwachia nafasi hapa," alisema akijishika shavu. "Mbele kuna meno ya kukata majani. Nyuma kuna magego. Katikati hakuna kitu, ni ufizi mtupu, na hapo ndio chuma inalala. Na mimi niko na yangu. Sasa unaniuliza nimejuaje?"

Kwa watu alikuwa mkali, wacha tu. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili aliomba kwa sauti ya chini, maneno mororo, mpaka akina mama wakafuta macho. Jumatatu saa kumi na mbili alikuita ng'ombe. Mara moja alimtoa bandani daktari wa mifugo, mtu mwenye digrii na gari, kwa sababu alicheka kwa sauti karibu na farasi aliyejifungua. Neno "tafadhali" sikumsikia akimwambia binadamu. Lakini farasi alimwambia, kwa Kimeru, tena mara mbili mbili. Wale farasi walijua Kimeru kuliko mimi niliyetoka Mbeere.

Na kitu kingine: hakupanda farasi. Hakuna aliyewahi kumwona juu ya tandiko. Nilipomwuliza alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hanywi mafuta ya taa. "Mimi nikipanda, mdomo utaangaliwa na nani?"

Kufundisha kwake kulikuwa hivi. Alikushikisha ncha mbili za hatamu, yeye akashika kile chuma kwa vidole, akafumba macho. "Vuta." Ukivuta kwa nguvu alipiga kelele: "Umenipiga!" Ukivuta ghafla: "Umenishtua!" Mkafanya hivyo nusu saa, jua linapanda, wenzako wanakucheka, mpaka siku moja unasikia, "Eeh. Sasa umeniuliza." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote, na wengine waliacha kazi hawajaisikia.

Mimi nilikwenda pale nina miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeacha mtoto Kiritiri kwa mama yangu, mwaka ambao mvua ilituruka. Baba aliuza ngozi za mbuzi sokoni, kwa hiyo nilijua kushona ngozi, na shamba lilinichukua kwa miezi mitatu ya majaribio nikarabati matandiko. Mwezi wa pili mfanyakazi mmoja wa farasi akaacha kazi, na Saisi akaniita. "Mwari, weka sindano chini." Mwari ni msichana kwa Kimeru. Aliniita hivyo hata nilipokuwa na watoto watatu.

Akanipa Shayiri nimwangalie. Shayiri alikuwa farasi jike mdogo, rangi yake ile ya shayiri iliyokomaa, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuumia kupita kiasi. Ukimgusa hatamu kidogo tu, alirusha kichwa juu. Chuma chake kilikuwa cha vipande viwili vilivyoungana katikati, na Saisi alikuwa hajaridhika nacho, alikuwa anafikiria kukibadilisha. Kabla hajafikiria sana, ndugu yake akafa huko Tigania, akaondoka wiki moja kwenda mazishi.

"Huyu usimwekee kitu mdomoni mpaka nirudi," aliniambia. "Mwongoze na kamba ya kichwa tu. Akikataa, simama. Usivute. Ngoja mpaka yeye mwenyewe achoke kukataa."

Siku ya tatu Shayiri alikataa kutoka bandani kwenda kunywa maji. Nilisimama. Nikangoja. Meneja alikuwa ameegemea ua na kikombe chake cha chai, ananitazama, na mimi nilikuwa mtu wa majaribio, mwanamke pekee kwenye mabanda. Niliona aibu. Alipoitwa kwenye simu, nikafanya tunavyofanya kwetu.

Kwetu Mbeere, punda mkaidi wa kubeba maji hatumwekei chuma. Tunachukua kamba ya mkonge, tunamfunga kitanzi kwenye taya la chini, nyuma ya meno ya mbele, na punda anakuja. Nilifanya hivyo tangu nina miaka saba na sijawahi kuona damu. Lakini kamba ya punda ni kuukuu, imelainika kwa mate na mikono. Ile niliyokata mimi ilikuwa mpya, ina miiba. Nikamfunga Shayiri. Akaja. Haki ya Mungu alikuja vizuri, hatua kwa hatua, na mimi kichwa juu nikijiona fundi. Ncha ya kamba nikaizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, kosa la pili.

Tulipofika kwenye birika la maji upepo ukaling'oa bati la paa. Shayiri akarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Kitanzi kikakaza, nami nikaburutwa kwa mkono mpaka kamba ikakatika. Nilipomkaribia, povu la mdomo wake lilikuwa jekundu. Ulimi ulikuwa umechanika pembeni, na ule ufizi mtupu ulikuwa na mfereji ambao kidole kingelala ndani.

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Kamba niliichoma kwenye jiko la kantini. Mkono wangu niliufunga kitambaa, walioniuliza nikawaambia nimejikata na kisu cha ngozi. Nikajiambia ataponywa na siku, Saisi akirudi nitamwambia taratibu.

Siku mbili baadaye, wakati niko stoo, meneja akamtandika Shayiri na chuma chake cha kila siku kwa ajili ya mgeni. Hatamu zilipokaza tu, Shayiri alisimama kwa miguu ya nyuma. Mgeni akaanguka, akavunjika mfupa wa bega.

Saisi alirudi kesho yake asubuhi. Alitukuta sote tumejipanga nje, meneja akizungumza. Meneja alikuwa amekata shauri: farasi yule ni hatari, Ijumaa atampiga risasi mwenyewe. Saisi aliingia bandani, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya mdomo wa Shayiri, pale penye pengo, kama alivyotufundisha sote: humfungui mdomo, unamwomba. Shayiri akafungua. Saisi akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatungua kile chuma msumarini, akapitisha kidole kwenye maungio, mbele, nyuma, akasimama mahali pamoja.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Hii maungio imelegea. Imemshika ulimi, ikambana, na hapa iko na ncha. Hii chuma nimetundika mimi. Sikuiangalia." Aligeuka akamtazama meneja machoni. "Kama ni kupiga risasi, huyo farasi hana makosa."

Nilifungua mdomo niseme. Najua niliufungua, maana niliisikia baridi kwenye meno. Hakuna kilichotoka. Nilimwona mtoto wangu Kiritiri, nikaona majaribio yangu yamebaki wiki tatu, nikaufunga.

Saisi aliomba apewe mpaka mwisho wa mwezi. Alimwomba meneja vile ambavyo sikuwahi kumsikia akiomba mtu, kofia mkononi. Akapewa, kwa sharti moja: siku hiyo farasi abebe mtu, mbele ya bunduki, na akisimama tena kwa miguu miwili, basi. Na Saisi mwenyewe, bila kuombwa, akasema hawezi kuwa mkubwa wa mabanda tena. Kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe akawekwa juu yake. Kuanzia siku hiyo alimwitikia "ndiyo bwana" mtu aliyekuwa akimwita ng'ombe.

Wakati kidonda kinapona, alitafuta chuma. Sijui kama mtu amewahi kutafuta mke kwa uangalifu ule. Chembamba alikikataa, kwa sababu chembamba hukata. Kinene sana alikikataa pia: mdomo wa Shayiri ulikuwa mdogo, ulimi umenenepa, angekosa pa kuuweka. Cha vipande viwili hakutaka hata kukiona, kwani ukivuta, maungio huinuka yakachoma kaakaa. Alitaka kimoja kisicho na maungio, kilichopinda kidogo katikati ulimi upate nafasi ya kupumua, kisizidi upana wa mdomo wake kikacheza, wala kisipungue kikabana midomo. Madukani hakipo. Akapanda gari mpaka Meru mjini, akamtafuta fundi wa vyuma nyuma ya soko la Gakoromone, akakaa naye siku nzima kati ya makelele ya nyundo na akina mama wa ndizi. Fundi alidhani anatengeneza mshikio wa mlango. Alirudi na kipande cha chuma kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, akanipa.

"Mwari, wewe unajua ngozi ya mbuzi. Mvalishe."

Nilikishonea ngozi laini kutoka kwa baba yangu, mshono nikauweka mbele, mbali na ulimi. Kila nilipopiga sindano nilisema moyoni, leo jioni namwambia. Nilishona siku mbili.

Siku aliyokipokea ndiyo siku ya kwanza ya tabia ile. Alikigusa kwa vidole, akatikisa kichwa. "Vidole vilinidanganya," akasema, na akakitia mdomoni, kwenye pengo lake. Kisha akanipa hatamu. Alisimama mbele yangu, mzee mzima, chuma mdomoni, mgongo amenipa, akaonyesha kwa mkono: twende. Nikamwongoza kuzunguka ua. Kushoto, kulia, simama. Mikono yangu ilitetemeka na kila mtetemeko yeye aliupata kwenye ufizi. Mara moja nilivuta vibaya, na bega lake likaruka, lakini hakupiga kelele. Tulizunguka mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile. Mwishowe akakitoa, akafuta mate.

"Sasa umeniuliza," akasema. "Ni wewe utampanda."

Mimi! Kati ya watu wote wa lile shamba. Nilimwambia siwezi. Alidhani ni woga wa kuanguka.

Siku yenyewe meneja alisimama kwenye lango la ua na bunduki imelala mkononi. Saisi alikitia chuma kwapani, akamwomba Shayiri, Shayiri akafungua. Akanipandisha. Tandiko lilikuwa linatetemeka, sijui lilitetemeshwa na yeye au na mimi. Nilichukua hatamu zilivyo, zimelegea, tukapiga hatua kumi bila mimi kuuliza kitu. Masikio ya Shayiri yalikuwa yamelala nyuma. Mwisho wa ua ilibidi tugeuke, hapakuwa na njia nyingine, uzio ulikuwa mbele yetu. Nikakunja kidole kimoja. Shayiri akainua kichwa. Nikaona miguu yake ya mbele inakuwa miepesi, nikasikia meneja anasogea, na sauti ya Saisi, chini kabisa, kwa Kimeru: tafadhali, tafadhali. Sikuvuta. Nikangoja. Akakionja kile chuma cha ngozi, akakitafuna mara moja, mara mbili, povu jeupe likatoka pembeni mwa mdomo. Povu jeupe. Kisha akageuka.

Tulizunguka ua mara tatu. Meneja akatoa risasi, akazitia mfukoni, akaenda kunywa chai. Saisi alikaa chini kwenye majani na kufunika uso kwa kofia. Shayiri alibeba watu miaka mingi baada ya hapo, nami nikawa maarufu kwa mikono laini. Wageni waliniandikia barua za sifa. Na kila asubuhi, kabla hawajaja, mzee yule alikuwa pale na baridi ya Timau kwenye ufizi, chuma baada ya chuma, ili asije tena akaumiza mnyama. Nilimwona kila siku. Siku za kwanza kusema kulikuwa kugumu. Baada ya mwaka ikawa aibu. Baadaye ikawa kama haiwezekani kabisa.

Alistaafu kabla yangu. Nilimwona mara ya mwisho Nchiru, ambako mwanawe amejenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Mkaza mwanawe ana kibanda cha mandazi na vocha pale mbele, ndiye aliyenipokea, uso umechoka.

"Karibu mama. Umekuja wakati mbaya. Leo siku ya nne hataki kula. Akiona kijiko anakaza mdomo hivi. Tumembembeleza, tumemgombeza. Kesho wanampeleka hospitali wamwekee mpira puani."

Alikuwa kitandani, amepungua, macho ni yale yale. Kwenye meza palikuwa na glasi yenye meno ya bandia, mwanawe alimnunulia mwaka jana. Nilimsalimia. Alisema, "Mwari."

Niliomba ruhusa. Nikapitisha kidole gumba kwenye pembe ya mdomo wake, upande wa kushoto, sikusukuma. Alinitazama, akafungua. Ndani ya pengo lake la zamani, pale meno ya bandia yalipokuwa yakikanyaga, palikuwa na kidonda chekundu, kikubwa kama punje ya hindi. Nikachukua kile kijiko cha uji, nikakitia mdomoni mwangu. Kilikuwa cha moto, na ukingo wake umelika mpaka unakata.

"Mama, hakuna kijiko cha mbao?" nikauliza. Kikaletwa. Nikakionja, nikachota uji uliopoa, nikamkaribia. Naye alikuwa tayari anafungua mdomo, ananiamini, kama siku zote. Mkono wangu ukakataa kwenda.

"Mzee," nikasema, "Shayiri nilimkata mimi. Ulipokwenda mazishi. Nilimfunga kamba mdomoni kama punda wa kwetu."

"Kamba gani?"

"Ya mkonge. Mpya."

"Si ile maungio?"

"Chuma chako sicho kilichomkata. Niliogopa kufukuzwa."

"Miaka yote hiyo," akasema polepole, "nimekula chuma. Kila asubuhi."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Aligeukia ukuta, mdomo umefungwa. Mkaza mwana alisimama mlangoni, akasema tumwache, ameshachoka. Nikamwambia hapana, naomba tungoje. Sikuongea tena. Sikumgusa. Nilikaa na kijiko mkononi, machozi yananitoka, uji unapoa, wanafunzi wanapita nje wakicheka mambo yao.

Muda mrefu ulipita. Kisha bila kugeuka alinyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka akalipata kovu, lile duara la kamba linalozunguka mkono mzima.

"Ulisema ni kisu."

"Nilidanganya, baba."

Alilipapasa tena, akalizunguka lote. Akageuka, macho yamelowa, hasira bado imo ndani yake na hakujaribu kunificha. Akafungua mdomo.

"Polepole," akasema. "Huo upande unauma."

Nikapitisha kijiko upande wa pili.